Begi la Chini ya Ngazi

King'ora cha kimbunga kilipoanza kulia, Bibi Goretti hakuinua hata kichwa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake jikoni anamenya ndizi, maganda yanadondoka kwenye beseni.

"Si kile cha Jumatano?" aliuliza.

"Leo Alhamisi, Mama," Bupe alijibu huku akizima jiko. "Na ni saa kumi na moja jioni. Cha Jumatano ya kwanza ni cha majaribio, kinalia saa saba mchana. Hiki ni chenyewe. Inuka twende chini."

Bibi alitazama beseni. "Zimebaki nne tu."

"Mama, inuka!"

Miezi mitano mama mkwe wake alikuwa amekaa nao Apple Valley, Minnesota, na katika miezi hiyo Bupe hakuwahi kumpandishia sauti. Bibi aliinuka polepole, magoti yakilia, akachukua kiredio chake kidogo cha rozari kilichokuwa kinasali peke yake juu ya meza. Kiredio hicho hakikumwacha popote. Kilisali asubuhi, kilisali jioni, kilisali Bupe akijaribu kulala baada ya zamu.

Bupe alikwishamfikia binti yake Natasha sebuleni. Mtoto wa miaka tisa alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka. Nje anga lilikuwa kijani, kijani cha maji ya bwawa, na miti yote ya mtaa imesimama kimya bila jani kutikisika.

"Toka lini unapumua hivi?"

"Toka... mchana," Natasha alisema. Alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, lakini maneno yalitoka mawili mawili, na katikati alivuta pumzi yenye mluzi.

Bupe alijua maana yake. Mtoto wa pumu anayemaliza sentensi nzima unaweza kumsubiri kidogo. Anayekata maneno hasubiriwi. Mwaka jana walilazwa naye mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa siku ya mvua ya radi. Dawa yake ya kupuliza ilikuwa imeisha asubuhi ile. Kihesabio kilisoma sifuri. Mpya ilikuwa tayari kwa mfamasia na Laurean, baba yake, alikuwa aipitie akitoka kazini Saint Paul. Mashine kubwa ya mvuke ilikuwa pale pale kando ya kochi. Bupe alichomeka waya ukutani, akafungua kichupa cha dawa, na kabla hajabonyeza swichi taa za nyumba zikapepesa mara mbili, zikazima.

Jokofu likanyamaza. Kiredio cha Bibi kikaendelea na Salamu Maria.

"Sawa," Bupe alisema. Alikiweka kichupa mfukoni. "Sawa. Tuna begi."

Begi hilo lilikuwa la Bupe peke yake. Mwezi wa nne upepo ulipoangusha mti wa jirani, aliketi na orodha iliyotolewa na kaunti na kuifuata mstari kwa mstari. Maji. Vyakula vya kopo na kifungulio chake. Tochi tatu. Redio ya kuzungusha kwa mkono. Blanketi, filimbi, sanduku la huduma ya kwanza, helmeti ya baiskeli ya Natasha, kwa sababu kinachoua watu kwenye kimbunga ni vitu vinavyoruka. Akatia na kimfuko cha kijani chenye mashine ndogo ya pumu, ile inayotumia betri, na barakoa yake. Betri alizifunga mbali na mashine, zisije zikavuja ndani na kuiharibu. Vyote vikaingia kwenye begi kubwa la bluu lenye magurudumu, nalo likawekwa chini ya ngazi za besimenti. Laurean alicheka hadi akashika tumbo. "Nesi wangu anahamia vitani," alisema. Na Bupe akamwambia, "Cheka tu. Siku hiyo utaniambia."

Siku hiyo ilikuwa imefika, na Laurean hayupo.

Alimbeba Natasha mgongoni, ingawa miguu ya mtoto ilikuwa inakaribia kugusa ngazi. Bibi akatangulia kwa kushika ukuta. Besimenti ilikuwa giza na baridi, na kijidirisha kimoja juu karibu na dari kilitoa mwanga wa kijani usiotosha hata kusomea. Bupe alimkalisha Natasha sakafuni, mgongo ukutani, akawasha mwanga wa simu, akamhesabia pumzi kwa nusu dakika. Ishirini na nne. Yaani arobaini na nane kwa dakika. Ngozi ya katikati ya mbavu ilikuwa inazama ndani kila mtoto alipovuta.

"Mama yuko hapa. Pumua kupitia pua. Usiseme kitu."

Simu ikaita. Laurean.

"Mko chini?"

"Tuko chini. Natasha amebanwa. Wewe uko wapi?"

"Nimesimama chini ya daraja, magari yote yamesimama hapa. Dawa ninayo mkononi, Bupe. Ninayo hapa, nimeishika."

"Toka chini ya daraja! Upepo unajikusanya humo. Ingia jengo lolote, kaa chooni."

"Bupe, anapumua vi..."

Ikakatika. Alipiga namba ya dharura, akasubiri, akapata sauti ya mwanamke mtulivu aliyeandika anwani na kumwambia kwamba magari ya wagonjwa yamesimama hadi upepo upite. Dakika ngapi? Mwanamke hakujua. Hakutaka kumpa matumaini ya uongo, alisema. Bupe alimshukuru kwa hilo na kukata simu.

Alipiga magoti, akalivuta begi la bluu kutoka chini ya ngazi. Lilikuwa zito kama alivyoliacha. Akafungua zipu yote kwa mkupuo mmoja, akainua kifuniko, na harufu ya mafuta ya kujipaka ikampiga usoni.

Gauni. Gauni jingine, la shingo ya lesi. Suti ya kijivu ndani ya mfuko wake wa plastiki. Viatu vya kiume vyeusi, namba arobaini na nne, bado vina karatasi ndani. Manukato, soksi, koti la mtoto, sufuria mpya isiyogandisha chakula, taulo tano, kitambulisho cha mzigo chenye jina la shemeji yake.

Alivitoa vyote, akavirusha sakafuni, akapapasa hadi chini kabisa kwenye kitambaa cha begi kana kwamba tochi tatu na redio zingeweza kujificha huko. Kisha akakaa chini.

Mabegi yalikuwa mawili. Waliyanunua siku moja, duka moja, rangi moja. Moja alilichukua yeye. La pili lilikuwa la mzigo wa nyumbani, kwa sababu hakuna Mtanzania anayepanda ndege kutoka Minnesota na mabegi yake tu. Yeyote anayesafiri ana kilo ishirini na tatu za mtu mwingine. Safari hii alikuwa Ildephonse, wa Brooklyn Park, na mzigo ulikuwa wa harusi ya mdogo wake Laurean huko Bukoba. Ildephonse alilipitia begi Jumapili. Bupe alikuwa kazini.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Ildephonse ulimpa begi gani?"

"La bluu." Bibi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kiredio mapajani. "Laurean alinipigia simu akasema, Mama, begi la mzigo liko chini, ni la bluu. Nikaja, nikaliona chini ya ngazi."

"Na hili?"

"Hilo lilikuwa kule kwenye mashine ya kufulia, linanizuia njia. Nikalisukuma hapo. Nikajua ndilo lako la kimbunga."

"Hukufungua?"

"Hilo sikufungua. Lile nilifungua, niongeze sabuni za dada yangu. Nikaona tochi, nikaona redio, dawa, blanketi, nyama za kopo. Nikasema huyu mkwe wangu ana akili sana. Bukoba umeme unakatika kila siku." "Maji tu ndiyo niliyatoa. Nani anapeleka maji Bukoba, na ziwa lile lote?"

Upepo ulianza. Haukuja kwa mawimbi. Ulianza na haukuacha, kama mtu amefungua mlango wa tanuri kubwa nje ya nyumba. Kitu cha bati kilipita barabarani kikigonga lami.

"Mama, umemuua mtoto wangu," Bupe alisema.

Alisikia maneno yakitoka na hakuyarudisha. Kiredio kikaendelea peke yake, sauti za akina mama wa kwaya wakijibizana, Mama wa Mungu, utuombee, na Bupe alitamani kukirusha ukutani.

Simu ikatetemeka. Mtandao ulikuwa umerudi kwa mstari mmoja, na kundi la WhatsApp la familia lilishusha kila kitu lilichokuwa limekusanya tangu mchana, wakati yeye yupo kwenye zamu na simu imefungiwa kabatini. Ujumbe sitini na moja. Picha ikafunguka.

Ukumbi wa nyumba ya Bukoba. Watoto saba wamejipanga mbele ya sofa. Mmoja amewasha tochi chini ya kidevu chake, mwingine amejifunga blanketi, na wa katikati, kijana mnene mwenye mapengo, amevaa helmeti ya waridi ya Natasha huku akipiga saluti. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti wa wifi yake Vestine. Kidole cha Bupe kilibonyeza chenyewe.

"Wifi yangu Bupe! Mzigo tumeupokea leo, jamani Mungu akubariki! Suti hatujaiona lakini najua inakuja na mtu mwingine. Watoto hawataki kuvua hiyo kofia. Wifi, umetukumbuka hadi betri!"

Natasha alikohoa kikohozi kikavu kisichotoa kitu, akashika mkono wa mama yake. Kucha zake zilikuwa zimeanza kubadilika rangi, au labda ulikuwa mwanga wa simu. Bupe hakutaka kujua ni kipi.

Alirudi kwenye picha. Aliikuza. Mezani mbele ya watoto Vestine alikuwa amepanga kila kitu kama dukani: makopo, redio, filimbi, pakiti za betri, sanduku la huduma ya kwanza limefunguliwa. Bupe aliisogeza picha kushoto, akaisogeza kulia, akaenda juu, akarudi chini. Akarudia mara ya pili, polepole, kama anavyosoma chati ya mgonjwa anapojua kuna kitu kimekosekana.

Kimfuko cha kijani hakikuwepo.

"Mama." Alimsogelea Bibi kwa magoti, akamshika mikono yote miwili. "Mama, nisamehe. Nilichosema nisamehe. Ndani ya begi lile kulikuwa na kimfuko cha kijani. Kina zipu. Ulikiona?"

"Kina jina la mtoto," Bibi alisema. "Umeandika Natasha kwa kalamu nyeusi. Vitu vingine havina jina, hicho kina jina. Nikasema hiki kimeingia kwa bahati mbaya, mtoto atakitafuta."

"Kiko wapi?"

"Nilikirudisha chumbani kwake. Kabatini, nyuma ya makoti ya baridi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Umeniuliza begi, mwanangu. Kimfuko hukuniuliza."

Kazini kwa Bupe, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kila kitu kina jina: meno, miwani, chupa ya matone ya macho. Mkono wake uliandika Natasha bila hata kufikiri. Begi lenyewe hakuliandika chochote, kwa kuwa nani asingejua ni la nini?

Chumba cha Natasha kilikuwa ghorofani. Ngazi kumi na tatu hadi jikoni, nyingine kumi na nne hadi juu, na kule juu ni madirisha kila upande.

Hakufikiri sana, kufikiri kungemkalisha. Miguu yake ilikuwa mitupu, kama miguu ya kila mtu ndani ya nyumba ile. Alinyakua viatu vya bwana harusi, akatoa karatasi, akatumbukiza miguu na kuvuta kamba hadi mwisho. Akachukua sufuria mpya, akaipachika kichwani. Taulo zote tano na suti ya kijivu akamrundikia Natasha mabegani na kichwani.

"Mama Natasha, usiende," Bibi alisema. "Waitu, jamani, usiende. Niende mimi, mimi nimekwishaishi."

"Magoti yako yatakufikisha huko kesho, Mama. Mkalishe wima. Asilale. Akilala, mwinue. Umenisikia? Asilale."

Alipanda.

Jikoni mlango wa nyuma ulikuwa unapumua, unaingia na kutoka kwenye fremu yake. Ndizi nne za Bibi zilikuwa juu ya meza, hazijaguswa. Mvua ya mawe ilikuwa inapiga paa kwa kelele kubwa kiasi kwamba hakusikia tena king'ora, hakusikia hata viatu vyake. Alipanda ngazi za pili kwa mikono na miguu. Masikio yakaziba ghafla kama kwenye ndege inayoshuka, na akajua, kwa sababu orodha ilisema, kwamba hiyo si dalili nzuri.

Kabati. Makoti. Koti jekundu, koti la theluji, suruali ya theluji, begi la shule la mwaka juzi. Alipapasa nyuma yake, akapata ukuta. Akapapasa chini, akapata viatu. Hakuna. Akavuta fimbo nzima ya makoti ikang'oka, yote yakamwangukia, na hapo ndipo alipokiona, kimetundikwa kwenye msumari kwa uangalifu, kamba yake imekunjwa mara mbili, kama Bibi alivyotundika kila kitu katika maisha yake.

Aliiuma kamba yake kwa meno. Alikuwa amegeuka, yuko mlangoni, dirisha lilipopasuka. Tawi zima la mti wa mbele liliingia chumbani na majani yake, likakaa juu ya kitanda cha Natasha. Vioo vilimgonga kwenye sufuria kama punje za mahindi. Alishuka ngazi za juu kwa makalio, jikoni akapita juu ya vioo vingine vikipondeka chini ya soli za bwana harusi, akavuta mlango wa besimenti nyuma yake na kuporomoka hadi chini.

Natasha alikuwa amekaa wima. Bibi alikuwa amepiga magoti nyuma yake, magoti yale yale, kifua chake kimekuwa kiti cha mtoto, mikono imemshika kwapani. Kiredio kilikuwa sakafuni, kinasali.

"Anataka kulala," Bibi alisema huku analia. "Namkataza, anataka kulala."

Bupe alifungua zipu. Mashine. Barakoa. Akatoa kichupa cha dawa mfukoni, akakimimina, hata tone halikumwagika, mikono yake ilikuwa inafanya kazi bila yeye. Akabonyeza.

Kimya.

Akabonyeza tena. Akageuza mashine, akafungua kijimlango cha chini, na mashimo mawili ya betri yakamtazama, matupu, masafi, hayajavuja kitu.

Wifi, umetukumbuka hadi betri.

Alisikia sauti ikimtoka ambayo hakuitambua. Nyumba juu yao ilikuwa inalia kwa mbao zake zote. Natasha hakuwa na mluzi tena, na hilo ndilo lililomtisha Bupe zaidi: pumu ikinyamaza si kwamba imepona. Hakuna hewa ya kupiga mluzi.

"Mama wa Mungu," kwaya ikajibu sakafuni, "utuombee."

Bupe aligeuza kichwa.

Alikiinua kiredio, akakichokonoa nyuma kwa ukucha, ukucha ukavunjika, akatumia jino. Sala ikakatika katikati ya neno. Betri mbili nyembamba zikamdondokea kiganjani. Aliziingiza, moja ikakataa, akaigeuza, ikaingia, akafunga, akabonyeza. Kitaa kidogo kikawaka. Hakikuwa kijani, kilikuwa cha machungwa, kinapepesa. Na mvuke mwembamba mweupe ukaanza kutoka kwenye barakoa, ukitoa sauti ndogo kama chai inayokaribia kuchemka.

Alimfunika mtoto mdomo na pua. "Vuta. Vuta tena. Vuta, mama."

"Kitaa kinapepesa," Bibi alisema.

"Nakiona. Betri hizi ni za lini?"

"Nilikuja nazo."

Miezi mitano ya kusali asubuhi na jioni. Dawa ile inahitaji dakika nane, kumi ikiwa betri ni dhaifu. Bupe aliweka kiganja chake kifuani kwa Natasha na kuanza kuhesabu. Bibi, bila kuambiwa, alianza pale pale kiredio kilipokatikia, kwa sauti yake mwenyewe iliyokwaruza, na safari hii Bupe alijikuta akijibu, ingawa yeye ni Mmoraviani na hajawahi kusali rozari maishani. Sala ilimsaidia kuhesabu.

Kitu kikubwa kilianguka juu, pengine jokofu, pengine paa. Vumbi likamwagika kutoka dari. Hawakuinua macho. Kitaa kilizima, kikawaka. Kikazima. Bupe aliipiga mashine kiganjani mara moja, kikawaka.

Ishirini na sita kwa nusu dakika. Ishirini na nne. Mluzi ulirudi, mwembamba, na Bupe aliusikia kama anavyosikia mtu anayempenda akigonga mlango. Ishirini na moja.

Kisha kitaa kikazima na hakikuwaka tena. Alipiga mashine, akaitikisa, akazungusha betri kwa kidole. Hakuna. Aliitoa barakoa na kuangalia ndani kwa mwanga wa simu: dawa ilikuwa imebaki tone, utando tu chini ya kikombe. Nyingine yote ilikuwa imeingia, au imepotelea hewani. Hakukuwa na njia ya kujua ila kusubiri, na kusubiri ndicho kitu Bupe asichokiweza.

Upepo ulikuwa umeondoka bila wao kuona. Maji yalikuwa yanatiririka mahali fulani juu, ndani ya nyumba, mahali pasipotakiwa kuwa na maji. Bibi aliacha kusali. Wote wawili walimtazama mtoto aliyefunikwa suti ya harusi hadi kidevuni.

Natasha alifungua macho. Alimtazama mama yake kutoka juu hadi chini, akarudi juu.

"Mama, kwa nini umevaa sufuria kichwani na viatu vya mtu mwingine?"

Aliuliza kwa Kiingereza, kwa sauti iliyochoka na iliyokerwa, na aliuliza swali lote, mwanzo hadi mwisho, bila kukata.

Bupe alitaka kumjibu. Alifungua mdomo, na maneno yakamtoka mawili mawili.